Barua ya wazi kwa Katibu Tawala wa Mkoa wa Tanga: tunaomba jedwali la mipaka

Ndugu Katibu Tawala,

Tunaomba ofisi yako iandae jedwali moja rasmi la mipaka, kuanzia Jimbo la Tanga la enzi ya Waingereza hadi mkoa wa leo wenye wilaya 8 na halmashauri 11.

Jina limebaki lilelile, na hapo ndipo wengi wanapoteleza. Afisa mipango au mwanafunzi akikuta takwimu za Jimbo la Tanga katika ripoti ya miaka ya 1950, huzichukua zote akazihesabu kuwa za mkoa. Kumbe Upare nao ulikuwa ndani ya jimbo lile, yaani Same na Mwanga za leo, zilizo Mkoa wa Kilimanjaro. Ndiyo maana anayefuatilia mgogoro wa mbiru, kodi ya kipato waliyoipinga Wapare miaka ya 1940, hukuta habari za Wapare kwenye mafaili ya mkuu wa jimbo aliyekaa Tanga mjini. Ukirudi nyuma zaidi kwa Wajerumani, Wilhelmstal unayoikuta kwenye mafaili ndiyo Lushoto ya leo.

Makosa hayajaisha na ukoloni. Sensa ya 2002 iliipa Muheza watu karibu 279,000. Ya 2012 ikaipa 204,461. Asiyejua atadhani zaidi ya robo ya watu wamehama. Hawakuhama: Mkinga ilikuwa imekatwa kutoka Muheza, nayo ilihesabiwa watu 118,065. Ukizijumlisha unapata 322,526, na hiyo ndiyo namba ya kulinganisha na ile ya 2002. Handeni na Kilindi zina mtego huohuo, na bajeti ya zahanati au madarasa ikipangwa kwa namba mbichi, wanaoumia ni wananchi.

Jedwali lianzie kwenye kata, si wilaya. Kila kata iwe na mstari wake, na safu moja kwa kila mwaka wa sensa: 1957, 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022. Kila safu ionyeshe kata hiyo mwaka huo ilikuwa tarafa gani na wilaya gani. Mpaka ulipobadilika, iandikwe namba ya Tangazo la Serikali na tarehe yake. Kata iliyogawanywa isigawiwe watu kwa kukisia. Zijumlishwe hesabu za vijiji.

Kazi ngumu iko kwenye safu ya 1957. Nyaraka za wakati huo hutaja eneo la zumbe, jumbe au liwali, yaani watawala wa kienyeji wa wakati huo, wala si kijiji kilichosajiliwa. Hapo ramani peke yake haitoshi. Watumwe maafisa utamaduni wakakae na wazee wa Usambara, Pangani na Handeni, wakiwa na majina ya nyaraka mkononi, mapema, maana wanaoyajua maeneo hayo kwa majina wanazidi kupungua.

Nakala ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kila halmashauri, na nyingine zipelekwe maktaba ya mkoa na shule za sekondari.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Watunza kumbukumbu na walimu wa jiografia, Tanga