RNA si tarishi tu

Mhariri,

Makala yenu kuhusu jeni za bakteria imeniacha na dukuduku. Mwandishi anaiita RNA, yaani nakala ya jeni, tarishi: hupeleka barua, haijui kilichoandikwa. Wapo bakteria ambao tarishi wao huichana barua hata kabla haijaisha kuandikwa. Wahenga walisema mjumbe hauawi. Huyu hujikatiza mwenyewe.

Mfano ni Bacillus subtilis, bakteria wa udongoni, na jeni yake ya kimeng'enya kinachoipakia tRNA (RNA ndogo inayobeba asidi amino, matofali ya protini) mzigo wa tirosini, mojawapo ya asidi hizo. Kabla jeni yenyewe haijafikiwa na mashine ya kunakili, kipande cha mwanzo cha RNA huwa kimeshatoka na kujikunja. Kipande hicho, T-boksi, huinasa tRNA na kuikagua mara mbili. Kwanza huzisoma herufi 3 za antikodoni, kujua huyu ni mchukuzi wa asidi amino ipi. Kisha huipapasa ncha ya pili, penye herufi CCA, mzigo unapofungwa. Ncha ikiwa tupu, hushikana na RNA, na mkunjo huo hulizuia fundo la kusimamisha unakili. Kazi huendelea na kimeng'enya hutengenezwa. Mzigo ukiwepo, ncha haishikiki, fundo hujifunga, na unakili huishia hapo.

Watafiti Frank Grundy na Tina Henkin walilionyesha hili mwaka 1993 kwa jaribio ambalo bado hunifurahisha. Katika RNA hiyo walibadili herufi moja tu, UAC, alama ya tirosini, ikawa UUC, alama ya asidi amino nyingine, fenilalanini. Jeni ikaacha kujali uhaba wa tirosini, ikaanza kuitikia uhaba wa fenilalanini!

Angalieni basi kinachopimwa. T-boksi haiigusi akiba ya asidi amino. Huwatazama wachukuzi wanaopita mikono mitupu. Swichi ya RNA ya lisini, asidi amino nyingine, ni tofauti kabisa, maana yenyewe huinasa lisini na kuzima jeni.

Mwandishi anadai pia kwamba kuhisi ni kazi ya protini. Zipo za namna hiyo, na Bacillus huyohuyo hupima asidi amino triptofani kwa protini iitwayo TRAP. Lakini T-boksi ya glisini imefanya kazi ndani ya bomba la majaribio bila protini yoyote zaidi ya mashine ya kunakili.

Binadamu hatuna T-boksi, Staphylococcus aureus, bakteria anayetuletea maradhi, anazo, na watafiti wa dawa wameshaanza kuzilenga. Hilo makala haikuligusa kabisa. Naomba mlirudie.

Mwalimu wa biolojia