Wanaosomea nyumbani nao wafunge shule

Mhariri,

Kila shule zinapofungwa, kuna jirani yangu hunitania kwa swali lile lile: "Na wako nao wanafunga lini, au mwalimu wao halali?" Naomba nafasi katika ukurasa wako nimjibu hadharani, maana najua hayuko peke yake. Hata wazazi wenzangu wanaosomesha watoto nyumbani huniuliza, tena wao kwa wasiwasi zaidi: tukishafunga vitabu, watoto wafanye nini kutwa?

Wangu hufunga pamoja na wa mtaani. Aprili, Agosti, na likizo hii ndefu inayotufikisha Januari. Vitabu huingia kwenye sanduku la bati, sanduku huingia chini ya kitanda, na atakayelivuta kabla ya shule kufunguliwa ana kesi na mimi. Nina watoto watatu. Nilianza na huyu wa kati, mwenye selimundu, aliyekuwa akikosa masomo majuma kwa majuma kwa sababu ya maumivu na kulazwa. Wenzake wakafuata, kwa sababu ambazo nikianza kuzieleza hutapata nafasi ya barua nyingine.

Tatizo la kusomesha nyumbani ni kwamba hakuna kengele. Meza ya hesabu ndiyo meza ya wali. Mwalimu akivua viatu bado ni mwalimu, na mtoto anaweza kuulizwa saba mara nane huku akipakuliwa mchuzi siku ya Idi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 37, inakataza mwanafunzi kufanyiwa masomo ya ziada wakati wa likizo, na anayeivunja anaweza kutozwa faini au kufungwa. Sidhani wabunge walikuwa wakimfikiria mama wa Mtwapa na sanduku lake la bati, lakini mimi nimeichukulia kuwa inanihusu.

Sasa, hayo ya kufanya. Juzi rafiki yangu alinitumia kwa simu orodha ya shughuli za Desemba za watoto wanaosomea nyumbani. Kulikuwa na kumtengeneza mtu wa theluji kwa pamba, kukata vipande vya barafu vya karatasi, na kuokota majani yaliyogeuka rangi kwa baridi. Sina ugomvi na theluji. Wenye nayo waicheze. Ila mimi naandika barua hii nikiwa nimefungua madirisha yote na bado leso imenigandama mgongoni. Huku kwetu Desemba ni kaskazi. Bahari imetulia, maji ni meupe, embe zinaanguka zenyewe usiku juu ya mabati. Mtoto wa pwani akikata barafu ya karatasi mwezi huu, nani atamwonjesha huo msimu wake?

Kwa hivyo sisi likizo tunaipangia kwa mwezi na upepo. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, baada ya siku moja mbili ni bamvua. Maji hujaa mpaka yanalamba mizizi ya mikoko, kisha hupwa yakaenda mbali, na kwetu upande huu siku za bamvua huwa yamepwa kabisa kuanzia saa nne hivi hadi saa tano asubuhi. Hakuna wakati mzuri kuliko huo kwa watoto, ila kofia lazima. Siku inayofuata saa husogea mbele kama dakika 50, na watoto wakishaijua hesabu hiyo hawakuulizi tena, wanakwambia: "Mama, leo tunywe chai kwanza, maji yatachelewa." Siku za maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, tunakaa nyumbani, kwani hakuna cha kuona.

Mwambani tunatembea na champali zilizofungwa kamba, kwa ajili ya wale wadudu wa baharini wenye miiba myeusi. Masharti ni mawili: kinachogeuzwa kirudishwe kilivyokuwa, na kilicho hai hakiji nyumbani. Kiti cha pweza, yule mnyama mwenye umbo la nyota, kinaangaliwa kinavyotembea, kinaachwa. Jongoo wa pwani anaachwa, tena kwa furaha. Mwanangu mdogo, ambaye hawezi kukaa kitini kwa dakika tano, alichutama juu ya kidimbwi kimoja akimngoja kaa atoke ndani ya kome mpaka mimi nikachoka kusimama.

Tukirudi kwa upande wa mikoko huokota komafi. Msomaji wa bara huenda hajaliona: ni tunda la mkomafi, kubwa, la mviringo, kahawia, zito. Likikauka hupasuka, na ndani mna mbegu zenye pembe pembe zilizobanana bila nafasi ya kupitisha kisu. Zitoe, kisha mwambie mtoto azirudishe zilivyokuwa. Nimeona watu wazima wamelikalia komafi moja jioni nzima na wakaondoka wamenuna. Hii ni bure, haina betri, na ikipotea kuna nyingine ufukweni.

Kwa huyu wangu wa kati kuna tahadhari ambazo wazazi wenye watoto kama yeye wanazijua. Maji ya kunywa kila mara, hata kama hana kiu. Kivuli jua likipanda. Haogi baharini kukiwa na baridi na upepo, na akitoka majini anafutwa na kubadilishwa nguo papo hapo, maana baridi na ukavu wa mwili vinaweza kumwamshia maumivu. Ndiyo maana likizo hii ya kaskazi ndiyo yake hasa. Agosti anakuwa mtazamaji mara nyingi, amejifunika leso, akitoa amri.

Embe nazo zina kazi. Mama mkwe wangu hutengeneza achari ile nyekundu ya pilipili na sukari, na likizo hii amewaachia watoto ungo. Embe za ngowe zilizokomaa lakini bado ngumu humenywa, zikakatwa vipande virefu, zikatiwa chumvi, zikaanikwa juani mpaka zijikunje. Kukata ni kwa mkubwa, aliyekwisha kupewa kisu. Kupika na sukari, pilipili na rangi ni kwa bibi yao, kwa sababu sukari ikichemka haina mtoto. Kazi ngumu kuliko zote ni ya katikati: kulinda. Wakazi wa Mombasa na vitongoji vyake wanawajua kunguru wetu. Mmoja hukaa ukutani akijifanya anatazama barabara, mwenzake anashuka nyuma yako. Mdogo alipewa ufito na kiti chini ya mwembe, na kwa muda ule wote hakuna aliyemsikia akilia "sina la kufanya".

Achari ilipokuwa tayari waliifunga kwenye karatasi, wakauzia watoto wa jirani kwa shilingi 10. Hapo ndipo palipozuka neno. Mkubwa alitaka agawe pesa kwa kipimo cha embe alizokata. Mlinzi akasema bila yeye embe zote zingekuwa tumboni mwa kunguru. Wa kati, ambaye ndiye aliyekuwa akipokea pesa na kurudisha chenji, akauliza nani alijua hesabu wakati mteja alipotoa noti ya mia. Walibishana kutoka alasiri mpaka magharibi. Mimi nilikuwa nachambua mchele hapo hapo na sikutia mdomo. Wakaamua wenyewe: sukari ya bibi ilipwe kwanza, kinachobaki kigawanywe sawa, na mlinzi aongezewe pakiti moja ya achari kwa sababu alinyewa na kunguru.

Hapa ndipo nataka kusema jambo na wazazi wenzangu. Shida ya wengi wetu tunaosomesha nyumbani ni kwamba hatuwezi kuona mtoto anacheza bila kumnyemelea na somo. Akihesabu kome, tunataka jedwali. Akipika, tunataka sehemu ya tatu na robo. Akitoka mwambani, tunamkalisha aandike insha ya "Siku niliyokwenda pwani". Wazazi wa shule nao wamezoeshwa hivyo na miradi: chochote mtoto afanyacho lazima kipigwe picha, kikachapishwe kwa saiba, kikapelekwe kwa mwalimu kama ushahidi. Jamani, likizo. Mtoto aliyebishania mgao wa pesa za achari hahitaji kuulizwa jioni amejifunza nini. Nakiri ulimi huniwasha. Siku ile ya ugomvi nilikuwa na sentensi nzima ya asilimia mdomoni, nikaimeza na mchele.

Agosti, ambapo kusi bado linavuma, kwetu ni tiara. Njukuti mbili za mnazi, moja imesimama, ya pili imepindwa kama uta na kufungwa uzi. Karatasi hubandikwa kwa uji mzito wa unga wa ngano, kisha mkia wa matambara. Zamani watoto walikuwa wakitumia mifuko ya plastiki, lakini tangu ipigwe marufuku nchini Agosti 2017 tumerudi kwenye gazeti, na sikuambii hili kwa kujipendekeza, Mhariri: gazeti lako linapaa. Kurasa za matangazo ya mnada ndizo bora, wino ni kidogo. Mkia ukiwa mfupi tiara huzunguka na kuja kuchota mchanga. Ukizidi urefu hainyanyuki. Dawa yake ni kuongeza na kukata tambara hadi itulie, na hakuna mtu mzima anayeweza kumwambia mtoto kipimo kutoka barazani. La kuangalia ni nyaya za umeme. Sisi hurushia ufukweni tu, maji yakiwa yamepwa, na tiara iliyonasa kwenye waya haifuatwi.

Aprili sina mengi ya kusema. Masika ni masika. Watoto hukinga mvua kwenye chupa iliyokatwa shingo, hupanda kunde na mchicha nyuma ya choo, hukimbiza kumbikumbi kwenye taa. Mvua ikizidi wanakaa na bibi yao wanasuka ukili wa mikeka. Mkubwa ukili wake umepinda lakini unasonga mbele, na bibi hajamwambia aufumue, jambo ambalo kwa mama mkwe wangu ni sifa kubwa.

Mara moja moja tunatoka. Hatuhitaji kwenda mbali, kwani tuna Jumba la Mtwana hapa hapa, mji wa mawe ulioanza karne ya 14 na kuhamwa karne iliyofuata, ukiwa na misikiti yake, makaburi, na ile Nyumba ya Milango Mingi ambayo watoto huingia kwa huku na kutokea kwa kule wakidhani wamenipotea. Kuta hazipandwi. Nimeshasema hivyo mara nyingi kiasi kwamba mlinzi wa pale hucheka nikifungua mdomo.

Simu na televisheni zipo nyumbani kwangu, sitajifanya mtakatifu. Saa nane za mchana za kaskazi, wakati hata mbuzi wamelala, wanaangalia katuni na mimi nalala. Hilo nalo ni shughuli ya likizo na halina gharama.

Sasa ombi langu kwako, Mhariri. Kila likizo magazeti hutujazia mitihani ya majaribio ya kukata na kubandika. Wanaoitaka waendelee kuipata. Lakini Halmashauri ya Bandari hutoa majedwali ya maji kupwa na kujaa ya Kilindini, na mwezi kila mtu anauona. Tupe kisanduku kidogo kila Jumatatu kwa muda wa likizo: saa za maji kupwa wiki hiyo, siku za bamvua, upepo unatoka wapi, tunda gani limeingia sokoni, na mchezo mmoja ulioletwa na msomaji, uwe wa Lamu au wa Vanga. Wasomaji wa bara nao watuletee yao. Nina hamu ya kujua watoto wa Kisumu hufanya nini ziwani Agosti na wa Nyeri hufanya nini baridi ya Julai ikiwa bado haijawaacha. Kisanduku hicho hakitachukua nafasi kubwa. Ikiwa ni haba, anza kwa kupunguza barua ndefu kama hii.

Mama wa watatu,
Mtwapa, Kilifi