Kundi la damu lisimnyime mtu maharagwe

Kwako Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie jambo linaloenea kwa kasi hapa Nairobi. Kwenye vituo vya matatu na kwenye simu zetu zimezagaa chati zinazompangia kila mtu chakula kulingana na kundi lake la damu. Wengine wanaonywa wasiguse maharagwe, eti yana lektini, yaani protini za mbegu na mimea, zinazoshikanisha damu mwilini. Mimi kazi yangu ni maabara. Majuzi nilimpa mama mjamzito majibu ya kundi lake, na swali lake la kwanza likawa: "Sasa daktari, maharagwe niache?" Mama huyo alikuwa na upungufu wa damu. Kumwachisha maharagwe mtu wa hali hiyo, ambaye hawezi kumudu nyama kila siku, ni kumuumiza.

Walioandika chati hizo wameokota sayansi ya kweli wakaipeleka isikofika. Mwaka 1888 Hermann Stillmark, huko Dorpat, mji ambao leo ni Tartu nchini Estonia, alichanganya damu na maji ya mbegu za mbarika akaona chembe nyekundu zikishikana. Katika miaka ya 1940 William Boyd wa Boston alimtuma msaidizi wake dukani akanunue fiwi kavu. Maji ya fiwi zile yalizishikanisha chembe za kundi A, yakaziacha za B na za O. Hadi leo maabara hutumia lektini ya jamii ya kunde inayolimwa India kutofautisha A1 na A2, matawi mawili ya kundi A. Unadondosha tone la damu kwenye kigae cheupe, unaongeza tone la lektini, unatikisa taratibu. Ikiwa ni A1, wekundu uliokuwa laini unakatika kama maziwa yaliyoharibika, vidonge vyekundu upande huu, maji upande ule. Ikiwa ni A2 au O, hakuna kinachobadilika.

Sababu yake ni sukari. Chembe nyekundu imevikwa minyororo mifupi ya sukari, na kinachotenganisha makundi ni sukari ya mwisho kwenye mnyororo: A ina N-asetilgalaktosamini, B ina galaktosi, na O haina yoyote kati ya hizo mbili, mnyororo wake unaishia na fukosi. Lektini ni protini yenye mashimo zaidi ya moja ya kunasa sukari, kwa hiyo inashika chembe hii na ile kwa pamoja. Ukimimina kwenye mchanganyiko sukari ambayo lektini hiyo huinasa, mashimo yanajaa na chembe zinaachana. Huko si kuganda kwa damu kunakoziba mshipa; ni kitu kingine kabisa.

Sasa tuje kwenye sufuria. Lektini ya maharagwe mekundu, haya ya githeri, haibagui kundi: A, B, AB na O zote huzishika. Chati inayomkataza mmoja na kumruhusu mwingine imekosea hapo hapo. Pili, lektini hii huharibika kwa moto. Maharagwe yaliyoiva vizuri hubaki na sehemu ndogo mno ya nguvu yaliyokuwa nayo yakiwa mabichi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto nao walilipima dai la lishe ya kundi la damu mwaka 2014 kwa watu 1,455. Waliofuata baadhi ya lishe hizo walipata nafuu kiafya, lakini nafuu hiyo haikutegemea kundi lao la damu.

Hatari ya kweli iko kwenye maharagwe yasiyochemka, na chati hizo haziitaji hatari hiyo. Punje 4 au 5 mbichi zinatosha kumtapisha mtu mzima baada ya saa chache, kwa sababu lektini hiyo haimeng'enywi tumboni, hung'ang'ania ukuta wa utumbo. Maharagwe yaliyopashwa moto mdogo tu yanaweza kuwa na sumu kuliko mabichi. Gesi na makaa vimepanda bei, wengi tumekimbilia vikapu vya kupikia vinavyohifadhi joto, na ni vizuri. Lakini loweka kwanza kwa saa 5 au zaidi, mwaga maji hayo, tia mapya, yachemke kwa nguvu dakika 30, ndipo uyafunike kikapuni.

Wizara ya Afya na kaunti zingesaidia sana iwapo kila kliniki ya wajawazito ingemweleza mama, pale anapokabidhiwa kadi, kwamba kundi lake limeandikwa ili apate damu inayomfaa akihitaji kuongezewa na ili mtoto alindwe, na kwamba halimkatazi chakula chochote.

Mhudumu wa maabara,
Umoja, Nairobi