Maghala ya korosho: tuulize programu kabla ya kuhesabu kamera

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na viongozi wa vyama vya msingi vya ushirika na waendesha maghala wa Mtwara na Lindi, ambao kila msimu wa korosho unapokaribia hutembelewa na wauzaji wa kamera za ulinzi wakiwa na karatasi za bei mkononi. Karatasi hizo zinafanana: idadi ya kamera, ukubwa wa picha, urefu wa nyaya na gharama ya ufundi. Kinachokosekana karibu siku zote ni maelezo ya programu itakayopokea picha hizo, kuzihifadhi, kuzitafuta zinapohitajika na kuamua nani aruhusiwe kuziona. Naamini kwamba programu hiyo ndiyo itakayompa mkulima jibu, au kumnyima, siku atakapouliza kilo zake zilikwenda wapi, na kwa hiyo masharti yake yanapaswa kuandikwa kwenye zabuni kabla mtu hajataja idadi ya kamera.

Nianze na muda wa kutunza picha, maana hapo ndipo fedha za wanachama zinapopotea kwa wingi. Katika mfumo wa stakabadhi ghalani korosho haiuzwi siku inapopimwa. Mkulima huifikisha kwenye chama cha msingi, ikapimwa na kupangwa daraja, ikasafirishwa hadi ghala kuu, ikasubiri mnada, mnunuzi akalipa, ndipo ikapakiwa kwenda bandarini. Malalamiko ya upungufu wa uzito huibuka mwishoni mwa mlolongo huo, malipo yanapoingia na hesabu isilingane na risiti aliyonayo mkulima. Kati ya siku ya mizani na siku ya malalamiko zinaweza kupita wiki kadhaa, na mtambo uliopangwa kufuta picha kila baada ya wiki moja, hata kama kamera zake ni nzuri kiasi gani, utakuwa umekwisha kuifuta siku ile ile inayotafutwa.

Hesabu yake si ngumu. Kamera moja inayotuma picha kwa kasi ya megabiti 4 kwa sekunde, ikirekodi mfululizo, hujaza takriban gigabaiti 43 kwa siku (biti nane hufanya baiti moja). Kamera 8 za namna hiyo hujaza gigabaiti 345 hivi, kwa hiyo diski ya terabaiti 2, yaani gigabaiti 2,000, ambayo nimeiona kwenye karatasi za bei zaidi ya moja, hujaa kabla siku ya sita haijaisha, na mtambo huanza kurekodi juu ya picha za mwanzo bila kumwuliza mtu. Kutunza picha za siku 60 kwa kamera hizo hizo kunahitaji karibu terabaiti 21. Mjumbe wa bodi akisikia bei ya diski za kiasi hicho atashtuka, na ana haki ya kushtuka.

Programu nzuri hupunguza mzigo huo. Huiruhusu kila kamera kuwa na muda wake, ili inayotazama mizani na ile ya mlango wa kupakia zitunziwe siku 90, na ya uzio wa nyuma itunziwe siku 14 tu. Huruhusu pia kurekodi pale kitu kinaposogea, huku ikibakiza sekunde chache za kabla ya tukio, tusije tukamwona mtu ameinua gunia begani bila kujua alitokea wapi. Tena mbinu ya kubana picha iitwayo H.265, iliyopitishwa mwaka 2013, hutumia takriban nusu ya nafasi inayohitajiwa na H.264 ya mwaka 2003 kwa ubora unaolingana, ilimradi kamera na programu zote mbili ziwe zinaielewa.

Kuhusu kurekodi kwa mwendo, hata hivyo, ipo tahadhari ambayo muuzaji wa mjini hawezi kuitoa kwa sababu hajalala kwenye ghala la Tandahimba. Usiku taa ya kamera huvuta wadudu, wadudu huvuta buibui, na utando wa buibui unaopepea mbele ya lenzi ni mwendo kama mwendo mwingine wowote. Matawi ya mkorosho uliosimama nyuma ya uzio nayo ni hivyo hivyo upepo unapovuma. Programu duni itarekodi yote, au itampigia mlinzi king'ora usiku kucha mpaka achoke akizime. Programu bora humwezesha fundi kuchora ndani ya picha eneo linalohusika, tuseme sahani ya mizani na hatua chache kuizunguka, na kupuuza yaliyobaki. Kwa kamera ya mizani yenyewe ningeshauri irekodi mfululizo saa zote za kazi, kwa sababu kubania diski mahali hapo ni ubahili usiomsaidia yeyote.

Sifa ninayoiona ya thamani kuliko zote kwa maghala yetu, na ambayo sijasikia ikitajwa na wauzaji wanaofika huku, ni uwezo wa programu kuoanisha picha na kumbukumbu za muamala. Kwenye maduka makubwa uwezo huo hutumika kuweka pamoja risiti ya mashine ya malipo na picha ya keshia. Mizani ya kidijitali yenye tundu la kutolea data inaweza kuunganishwa kwa namna hiyo hiyo, kila uzito unapothibitishwa tarakimu zake zikahifadhiwa pamoja na picha za dakika ile. Miezi miwili baadaye karani hana haja ya kukesha akitazama video. Anaingiza namba ya risiti, na programu inamletea mkulima akiwa amesimama, gunia likiwa juu ya sahani. Pale ambapo mizani ni ya zamani na haina tundu hilo, programu nyingi humruhusu mtumiaji kuweka alama kwenye wakati fulani na kuandika maelezo mafupi, na karani anaweza kufanya hivyo kwa kila shehena, ingawa siku ya foleni atanung'unika. Niongeze kwamba kamera haiamui kila ugomvi. Korosho yenye unyevu hupungua uzito inapokauka ghalani, na hakuna video itakayoonyesha maji yakitoka kwenye gunia. Itakachoonyesha ni kama gunia lenyewe lilitoka.

Haya yote hayana maana ikiwa saa ya mtambo si sahihi. Vifaa vingi hutengenezwa China, na visiporekebishwa hubaki na saa za huko, ambazo ziko mbele yetu kwa saa tano, kiasi kwamba gunia lililopimwa saa nne asubuhi huonekana limepimwa saa tisa alasiri, wakati ambao daftari la karani linaonyesha mizani imeshafungwa. Betri ndogo ya ndani ikifa, umeme ukikatika mtambo huweza kurudi kwenye tarehe ya kiwandani. Dawa yake ni programu inayochukua muda kutoka seva ya saa kwa itifaki ya NTP, yaani utaratibu wa vifaa kuulizia saa sahihi kupitia mtandao, na kuzipatanisha kamera zote. Kuiweka hakuchukui muda mrefu, lakini fundi asiyeagizwa kwa maandishi haiweki.

Sasa nigusie suala la nani anaingia. Nimeshuhudia ofisi ambamo nenosiri limebandikwa juu ya kioo cha kompyuta, na mlinzi, karani, mwenyekiti na fundi wote wanatumia jina moja la kiwandani. Mwaka 2016 programu haribifu iliyoitwa Mirai iliteka kamera na mitambo mingi ya kurekodi duniani kwa kujaribu majina na manenosiri ya kiwandani tu, kisha ikaitumia kushambulia mitandao mikubwa. Machi 2021 wavamizi walipata akaunti ya msimamizi mkuu katika kampuni ya Verkada ya Marekani, wakafikia kamera zipatazo 150,000, zikiwemo za hospitali na magereza. Chama cha msingi hakihitaji mvamizi kutoka ng'ambo ili kiumie. Anatosha mtu wa ndani anayejua kufuta. Ndiyo maana kila mtumiaji anapaswa kuwa na akaunti yake na mipaka yake: mlinzi atazame picha za wakati huo peke yake, karani atafute za nyuma, na uwezo wa kufuta au kubadili mipangilio usiwe kwa mtu anayeshika funguo za ghala. Programu itunze pia kumbukumbu isiyofutika ya nani aliingia, alitazama nini, alinakili nini na alibadilisha nini. Zipo programu zinazodai watu wawili waingize manenosiri yao kabla picha za zamani hazijafunguka, na kwa ushirika, ambako katibu na mjumbe wa bodi huweza kusimama pamoja mbele ya mtambo, naona sharti hilo linatufaa mno.

Kamera iliyokufa haipigi kelele. Hukaa pale juu ukutani inang'aa, na wote walio chini yake wanaamini inawaona. Programu inapaswa kutuma ujumbe kwenye simu ya zaidi ya mtu mmoja kamera inapozimika, inapofunikwa, inapogeuzwa kutazama dari au diski inapoanza kuharibika. Kwa kuwa umeme na mtandao wetu hukatika, ni vyema kamera za mizani na mlango ziwe na betri ya akiba na kadi ya kumbukumbu ndani yake, na programu iwe na uwezo wa kuvuta picha hizo kutoka kwenye kadi na kuziba pengo mtandao unaporejea.

Mgogoro ukifika polisi au mahakamani, video iliyochukuliwa kwa simu kutoka kwenye kioo na kusambazwa kwa WhatsApp ni ushahidi dhaifu. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 kinakubali ushahidi wa kielektroniki, lakini katika kuupima uzito kinaelekeza kuangalia kama namna ulivyotengenezwa, ulivyohifadhiwa na ulivyolindwa usibadilishwe inaaminika. Programu makini hutoa nakala yenye saini ya kidijitali, ambayo picha yake moja ikiguswa saini hukataa, na kumbukumbu ya matumizi niliyoitaja huonyesha nani alitoa nakala hiyo na lini.

Ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Picha ya mtu anayetambulika ni taarifa yake binafsi, na anayeikusanya anawajibika kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kuitumia kwa kusudi lililotajwa na kutoitunza kupita haja yake. Kwa hiyo kamera ya uzio inayoona hadi uani kwa jirani izibwe sehemu hiyo kwa kivuli cheusi ndani ya programu, na picha zifutike zenyewe muda wake unapofika, isipokuwa zilizofungiwa kwa ajili ya malalamiko yanayoendelea. Utambuzi wa sura, ambao wauzaji huusifia sana siku hizi, sioni kazi yake ghalani. Unaongeza gharama na unaongeza mzigo wa sheria. Kusoma namba za malori yanayoingia na kutoka kunaweza kulipa gharama yake.

Kuhusu bei, bodi iulize kama leseni hulipwa mara moja au kila mwaka, na kama huhesabiwa kwa kila kamera. Iulize pia kama programu na kamera zinafuata ONVIF, kiwango cha kuwezesha vifaa vya kampuni tofauti kuelewana, kilichoanzishwa mwaka 2008 na kampuni za Axis, Bosch na Sony, ili kamera ikiharibika tununue ya kampuni nyingine bila kubomoa mfumo mzima. Vyama visivyo na uwezo wa kulipia leseni vinaweza kutazama programu huria kama ZoneMinder, ambayo haina ada, lakini inahitaji fundi anayeifahamu vizuri Linux, mfumo endeshi wa kompyuta ambamo hufanya kazi.

Napendekeza, kwa hiyo, kwamba mkataba wa kila ghala ubakize sehemu ya malipo ya fundi hadi siku 30 baada ya mfumo kuanza kazi. Siku hiyo mjumbe wa bodi achague risiti moja ya wiki ya kwanza na kumtaka karani, bila msaada wa fundi, aitafute picha yake na kuitolea nakala yenye saini. Kisha achomoe waya wa kamera ya mizani na kusubiri kuona simu ya nani itapokea ujumbe, na baada ya muda gani. Fundi akabidhi akaunti ya msimamizi mkuu kwa maandishi, nenosiri libadilishwe mbele ya mashahidi, na ndipo alipwe kilichobaki.

Mwanachama wa chama cha msingi,
Masasi, Mtwara