Mdogo wangu, masika yanakuja: ufunguo wa kanisa uko kwa nani?

Mdogo wangu mpendwa,

Hongera tena kwa kuchaguliwa mzee wa kanisa. Siku mlipopiga magoti pale mbele mkaombewa, nilimkumbuka mama, nikatamani angekuwepo akuone. Nilitaka kukupigia simu nikuambie haya, lakini ya simu utayasikiliza ukiwa kwenye foleni ya Ubungo, ukifika nyumbani yameshapita. Ndiyo maana nimeandika. Na nimeiacha barua wazi kwa sababu wazee wa kanisa humu Dar ni wengi, na kila usharika una paa, sakafu na mlango wenye kufuli kama wetu.

Swali langu ni moja. Mvua ikishika saa nane usiku, ufunguo wa kanisa uko kwa nani?

Desemba 2011 wewe ulikuwa umeshatangulia Moshi kwa bibi kwa ajili ya Krismasi. Hukuuona usiku ule, na mama hakupenda kuusimulia, basi nisimulie mimi. Pale Kigogo, bondeni kwa mto Msimbazi, maji hayakuanzia mlangoni. Yalianza kuchomoza chooni, meusi, yakija na kila kilichokuwa humo. Baadaye ndipo yakaingia chini ya mlango. Mama akapandisha godoro mezani, juu ya godoro akaweka ndoo ya unga, na juu ya mfuniko wa ndoo akaweka ile bahasha ya kaki yenye vyeti vyetu vya kuzaliwa. Kisha akabadili mawazo, bahasha akaifunga kwenye mfuko wa nailoni na kuitia kifuani. Yalipofika magotini tukatoka. Jirani yetu yule wa maandazi alikuwa amembeba mjukuu mgongoni, na mkononi ameshika karai lake la kukaangia. Hakutaka kuliacha.

Tukapanda kanisani, kwa sababu ndipo palipoinuka. Mlinzi alitufungulia geti dogo, lakini milango ya kanisa hakuwa na ufunguo wake. Alisema anao mzee wa zamu, na mzee anakaa Mbezi, na barabara ilikuwa imeshakatika. Tukasimama chini ya ukingo wa bati mpaka kukapambazuka, watu wanaokaribia 30, watoto wakitetemeka. Nyuma ya ukuta ule kulikuwa na mabenchi makavu, sakafu kavu na choo cha kuvuta maji. Mlinzi alilia, nilimwona. Simlaumu hata kidogo, wala yule mzee simlaumu. Hapakuwahi kukaliwa kikao cha kuamua jambo lile, na usiku wa mvua si saa ya kuanza kuamua.

Mamlaka ya Hali ya Hewa ilisema mvua ya namna ile haikuwahi kuonekana Dar tangu 1954. Watu zaidi ya 40 walikufa. Wengi walilala madarasani, kisha wakapelekwa kwenye viwanja Mabwepande, kule upande wa Bunju, na baadhi yao walirudi bondeni kwa sababu vibarua na wateja wao walikuwa mjini. Krismasi ya mwaka ule iliangukia Jumapili, na usharika ukakusanya nguo. Nguo zilikuwa nyingi. Mimi nilipata gauni la zambarau nikalivaa miaka mitatu, na wote waliotoa nawashukuru mpaka leo. Ila gauni lilinifikia siku ya tano. Usiku wa kwanza tulichohitaji kilikuwa tayari pale, kimefungwa kwa kufuli.

Sasa nikukumbushe maneno yako mwenyewe. Ulipokuwa Uingereza kusoma, majira ya baridi ya 2022 kuingia 2023, ulikuwa ukinitumia sauti kwenye simu usiku. Bei ya gesi na umeme ilikuwa imepanda vibaya baada ya Urusi kuivamia Ukraine. Serikali yao iliweka ukomo kuanzia Oktoba, na hata kwa ukomo huo nyumba ya kawaida ilikadiriwa kulipa pauni 2,500 kwa mwaka. Ukaniambia wazee wanakaa vitandani na makoti, wakiogopa kuwasha hita. Halafu ukaniambia kuhusu kanisa la mtaani kwako: walifungua ukumbi siku za katikati ya wiki, wakawasha joto, wakaweka chai na viti. Makanisa, maktaba na kumbi nyingi nchini kote zilifanya hivyo. Sauti moja niliisikiliza mara mbili. Ulisema, "Dada, hawamuulizi mtu kitu. Unaingia, unakaa, unapata joto." Ulisema kuna bibi aliyekuja kila siku na kitambaa chake cha kufuma, na hakuna aliyemhubiria.

Kwetu hakuna theluji. Kipupwe chetu cha Juni na Julai watu wa Dar wanakipenda. Majira yetu magumu ni masika, Machi mpaka Mei, na ya 2024 yaliyotanguliwa na mvua za El Niño umeyaona kwa macho yako. Mwishoni mwa Aprili Waziri Mkuu aliliambia Bunge kwamba watu 155 walikuwa wamekufa nchini. Kwa hiyo ile chai na ile hita, kwetu ni sakafu kavu na choo kisichofurika.

Nimefikiria sana kwa nini tunasita. Tunaogopea vyombo vya kwaya, nalijua hilo. Kinanda na spika vimenunuliwa kwa michango ya miaka. Vifungiwe ofisini kwa mchungaji kila Jumapili baada ya ibada ya pili, msimu wote wa masika, hofu hiyo itaisha. Tunaogopa kuchafuliwa. Lakini vigae vinapigwa deki, na akina mama wa usharika wetu nawajua, nusu saa inatosha. Tunaogopa pia watu wakiingia hawatatoka, na hofu hii ina haki yake. Zungumzeni mapema na mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mkubaliane kwamba kanisa ni la siku tatu za kwanza, na baada ya hapo anajua atawapeleka wapi. Mkishaandika hivyo na kutia saini, hakuna atakayewafukuza watu kwa aibu, na ibada ya Jumapili haitakwama.

Na imamu wa msikiti wa mtaa wa pili mwone wewe mwenyewe, usimtume mtu. Nusu ya watakaopanda kilima usiku ule ni watu wake. Mwaka 2024 Ramadhani ilianza Machi ikaisha Aprili, masika yameshashika. Watu wanaofunga wakilala kanisani, jiko liwake mapema ili daku iwe tayari kabla ya alfajiri, na pawepo pa kutawadha. Asiulizwe mtu dini yake, wala asiombewe kwa nguvu. Yule mlinzi aliyelia alikuwa Mwislamu, sijui kama uliwahi kujua.

Jambo jingine ni orodha. Serikali ina mipango mikubwa ya Bonde la Msimbazi, na mabilioni yanatajwa. Sisi hatuna mabilioni, ila tuna jumuiya, vile vikundi vya kusali vya nyumba jirani. Jumuiya inajua bibi yupi hawezi kutembea, nani kajifungua wiki iliyopita, nani anatumia dawa za kila siku na ameziweka wapi. Mwambieni kila mwenyekiti wa jumuiya aandike majina hayo kwenye daftari, na kila jina liwe na kijana mmoja wa kumfuata. Awe kijana anayekaa karibu, si anayetokea Kimara. Na wote waelewe kwamba Msimbazi unatokea milima ya Pugu. Mvua ikipiga sana juu kule, maji yanatufikia hata kama kwetu ni manyunyu tu. Wasisubiri kulowa ndipo watoke.

Kuhusu maradhi nitasema kwa ufupi, maana wahudumu wa afya wa mtaa wanayajua kuliko mimi. Mvua ikinyesha, watu wanatapisha vyoo. Wote tunajua, na tunafumba macho kwa sababu gari la majitaka ni ghali. Kipindupindu kinapita humo humo. Usharika ukichangia gari mara moja Februari kwa nyumba tano zilizo juu ya mtaro, utakuwa umeokoa watu kuliko dawa tutakazonunua Mei. Na pale kanisani pawepo maji yaliyochemshwa, chumvi na sukari, vya kumchanganyia kinywaji anayeharisha. Lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Ibandikeni ukutani karibu na matangazo ya ndoa, kila mtu ataisoma.

Nimrudie yule jirani wa maandazi. Karai lake lilipona. Unga, mafuta, sukari na gunia la mkaa vilikwenda na maji. Alipewa mablanketi mawili na watu wema, na kwa miezi minne akawa anafua nguo za watu mpaka vidole vikachubuka, akitafuta mtaji wa mfuko mmoja wa unga. Mfuko mmoja! Mimi nilikuwa nampita asubuhi nikienda kazini, nasalimia, sikuwa na wazo la kumuuliza anahitaji kiasi gani. Hilo linaniuma kuliko usiku wenyewe. Mfuko wa diakonia, ule wa kanisa wa kuwasaidia wenye shida, ukitenga fedha kidogo za kuwarudisha watu kwenye biashara zao wiki ile ile, bila riba na bila barua tatu za uthibitisho, mama lishe na wauza maandazi watawasha majiko kabla matope hayajakauka. Wenyewe watakuambia wanahitaji nini. Ukiwauliza watakutajia mpaka shilingi.

Najua kikao cha baraza la wazee kina mambo mengi, na ukarabati wa mnara uko mbele. Naomba dakika kumi tu. Mwambie mchungaji nitakuja na daftari la jumuiya yetu likiwa limeshajazwa, majina kumi na manne, pamoja na vijana wao.

Na fundi wa funguo pale Magomeni nimeshaongea naye. Anataka aone ufunguo wenyewe, picha ya simu haitoshi. Mkikubaliana, niletee Jumamosi asubuhi, nitamngojea achonge mitatu: mmoja wa mlinzi, mmoja wa mwenyekiti wa mtaa, mmoja wa yule mama wa maandazi. Nyumba yake mpya imepakana na geti la kanisa, na usingizi wake ni mwepesi tangu mwaka ule.

Nisalimie shemeji na watoto.

Dada yako