Uvimbe wa njano kwenye kope upimwe kabla ya kupewa jina

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasihi madaktari wa macho na wa ngozi wasiridhike kusema kwamba kila uvimbe wa njano unaoota kwenye kope ni mafuta tu. Ni kweli kwamba wagonjwa walio wengi wana zanthelazma, yaani mabaka bapa ya lehemu yasiyodhuru jicho. Lakini uvimbe mgumu, unaozidi kukua au kupenya hadi ndani ya tundu la jicho, unaweza kutokana na histiosaiti, seli za kinga ambazo kazi yake ya kawaida ni kumeza vijidudu na uchafu mwilini.

Kwa watu wazima kundi hili adimu lina magonjwa manne ambayo hata chini ya darubini hufanana mno, kwa kuwa yote huonyesha histiosaiti zilizojaa mafuta. Kinachoyatenganisha ni hali ya mwili mzima. Moja huishia kwenye eneo la jicho. Jingine huandamana na pumu iliyoanza ukubwani. La tatu, liitwalo zanthogranuloma ya nekrobiotiki, huweza kuchimba vidonda kwenye ngozi, na wengi wa wanaougua huwa na protini isiyo ya kawaida katika damu, hivyo hulazimu kufuatiliwa kwa miaka wasije wakapata mieloma, saratani ya seli za uboho. La nne, na ndilo la kuogopwa zaidi, ni ugonjwa wa Erdheim-Chester, ulioelezwa mwaka 1930, ambao hushambulia mifupa ya miguu, figo, moyo na hata ubongo.

Wapo wanaoona uainishaji huu kuwa shughuli ya wanazuoni. Siafikiani nao hata kidogo. Mapitio ya kimataifa ya mwaka 2016 yaliyagawa magonjwa ya histiosaiti katika makundi matano, na Erdheim-Chester ukawekwa pamoja na ugonjwa mwingine wa histiosaiti, ule wa Langerhans, kwa sababu yote mawili hubeba mara nyingi mabadiliko yaleyale ya jeni, hasa ya jeni iitwayo BRAF. Mwaka 2017 Marekani iliidhinisha dawa ya vemurafenibu kwa wagonjwa wa Erdheim-Chester wenye mabadiliko hayo. Mgonjwa aliyeambiwa ana mafuta hatafikiriwa kabisa kupewa dawa hiyo.

Kwa hiyo naomba kinyama kinachokatwa kwenye kope kisitupwe, bali kipelekwe maabara ya patholojia, na fomu yake ieleze kama mgonjwa ana pumu, maumivu ya mifupa ya miguu, au kiu kali na kukojoa kupita kiasi, dalili zinazoweza kuashiria magonjwa haya.

Msomaji wako,
Morogoro