Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka wa Viraka, Kofia na Ubishi wa Leso

Ndugu wanachama,

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote. Kila aliyeleta mgeni mwaka huu ameulizwa swali moja: "Chama chenu kinazungusha shilingi ngapi?" Mombasa hii ukisema chama, watu wanafikiria daftari la michango na zamu ya kupokea. Sisi hatuzungushi pesa wala hatukopeshani. Kwetu kinachozungushwa ni kazi ya mkono. Mtu analeta alichoshona, kinapita meza nzima, kinageuzwa nje ndani, mwenyewe anahojiwa, kisha anarudi nacho nyumbani. Natanguliza haya kwa sababu pendekezo la kutugeuza kuwa chama cha biashara lilifika mezani mwaka huu, na nitalieleza mbele.

Vikao viliendelea kama kawaida, isipokuwa mwezi wa Ramadhani. Kubwa tulilobadilisha ni hili: kamati iliamua kila mtu alete kazi ambayo haijakwisha, na aiweke mezani upande wa nyuma ukiwa juu. Manung'uniko yalikuwapo, na mengine niliyasikia kwa masikio yangu pale kwenye birika la chai. Hakuna apendaye mafundo yake yahesabiwe mbele za watu. Lakini tuseme ukweli, vikao vyetu vya zamani vilikuwa vya kupongezana tu. "Mashaallah, umetia fora," halafu sambusa. Mtu aliondoka na sifa na tatizo lake lile lile.

Tangu tuanze kugeuza kazi, watu wanaulizana. Mwenzetu mmoja wa Likoni alikuwa akilalamika kwamba mifarishi yake, yaani matandiko ya viraka, ikishafuliwa inakunjamana na mishono inavutika. Ilipogeuzwa, jibu lilionekana mara moja: alichanganya leso mpya (wengine huiita kanga) na kitenge kizito, vyote vikiwa bado na wanga wa dukani. Kila kimoja kilinywea kivyake kilipoingia majini. Ndiyo maana sasa tuna kanuni kwamba kitambaa kinafuliwa, kinaanikwa na kupigwa pasi kabla hakijaguswa na mkasi. Leso nyekundu ina mtihani wake zaidi. Lowesha pembe moja, iweke juu ya kipande cha marekani nyeupe, kandamiza kwa pasi ya moto. Ikiacha doa, irudi kwenye beseni. Najua wengi tulifundishwa na mama zetu kutia chumvi na siki, ila kwa rangi nyingi za siku hizi hazifui dafu. Dawa ni kufua mpaka maji yatoke meupe.

Hesabu ya viraka nayo bado inatusumbua. Kiraka cha inchi 6 kikishonwa kwa robo inchi kila upande kinabaki inchi 5 na nusu. Kwa hiyo viraka 12 kwa upana na 15 kwa urefu, yaani 180, vinatoa mfarishi wa inchi 66 kwa 82 na nusu, si 72 kwa 90. Ukinunua bitana kwa hesabu ya pili unajipa hasara bure. Na kwa wageni wanaoshangaa watu wa Mombasa kushona mifarishi katika joto hili: katikati hatutii sufi wala pamba nene. Tunatia shuka kuukuu au leso iliyochakaa, na kazi kubwa tunaiacha mpaka kusi ianze kuvuma. Wakati wa kaskazi, atakayeweza kuweka tabaka tatu za kitambaa mapajani na aweke, mimi simo.

Sasa ubishi wa leso. Sijaona jambo lililotugawa kama hili. Leso ina pindo, ina mji katikati, na ina jina lake, yaani msemo, lililoandikwa chini ya mji. Je, jina likatwe? Upande mmoja ulikuwa wa mama zetu wa Mji wa Kale, wanaosema jina ni maneno ya mtu kwa mtu. Leso ile alipewa bibi harusi au mzazi, na kuyakata maneno ni kumkata kauli aliyeyatuma. Upande wa pili ni vijana, ambao kwao herufi zilizokatika ni pambo jipya. Kilichochochea moto ni mfarishi mmoja uliokatwa kwenye leso ya "Mgeni njoo, mwenyeji apone". Mkasi ulipita ulipopita, viraka vikapangwa kwa rangi, na mstari uliotokea ukasomeka "mgeni apone". Tulicheka mpaka machozi. Lakini bi mkubwa mmoja hakucheka, akauliza mgeni huyo anaumwa nini nyumbani kwa watu.

Kamati haikutoa amri. Maoni yangu, na naomba yaandikwe kuwa ni yangu, ni kwamba leso ya kurithi isikatwe jina. Mwenye kuikata akate mji na pindo, jina alibakishe zima liwe ukanda wa chini wa mfarishi. Leso ya kununuliwa juzi Biashara Street haina lawama. Mmoja wetu alifanya vizuri kuliko wote. Alihifadhi hata kile kipande kidogo chenye alama ya duka, "K.H.E. – Mali ya Abdulla", akakitia pembeni kama sahihi ya mchoraji. Duka lile limekuwa likiuza leso Mombasa tangu karne ya 19, na wengi mliokuwa mezani mlikitambua kabla hamjaona kitu kingine chochote.

Upande wa kofia tulipata wanachama wanaume, na meza yao imekuwa ndiyo yenye utulivu. Kofia ya mkono huenda ikachukua miezi, tundu moja baada ya jingine likitobolewa kwa sindano na kuzungushiwa uzi hadi duara la juu na ukanda wake vienee. Matundu yale ndiyo yanayopitisha hewa kichwani, na ndiyo yanayopofua macho ya mshonaji. Tuliomba meza yao iwekwe karibu na dirisha, na ukumbi ukakubali.

Kazi iliyonifurahisha binafsi ni ile ya mtindo wa Wasiddi. Hawa ni watu wenye asili ya Afrika wanaoishi India, na wanawake wao wa Karnataka hushona mifarishi ya sari na nguo kuukuu. Wao hawaunganishi viraka kwanza halafu watie bitana kama tufanyavyo sisi. Wanatandika bitana na tabaka la kati, wanaanza pembeni, wanakunja ukingo wa kiraka kwa vidole na kukishona papo hapo kupitia tabaka zote. Huenda hivyo wakizunguka ukingo, mzunguko ndani ya mzunguko, mpaka wakutane katikati. Mshono ni bandi fupi fupi tu. Pembe nne hupewa vikunjo vidogo vya kitambaa wanavyoviita phula, yaani maua, na mfarishi usio nayo wao huuona uko uchi. Tulijaribu sote. Waliozoea rula walitaabika. Waliokuwa hawajui kupima walitupita, na mtindo huo hauhitaji hata pini.

Nije kwenye biashara. Mwenye duka la watalii alitaka tumshonee mifarishi ya kufanana, kwa bei ambayo ukiondoa uzi na bitana kinabaki cha nauli ya matatu. Waliounga mkono walitoa mfano wa wanawake wa Gee's Bend, Alabama, Marekani, ambao mifarishi yao ilitundikwa katika jumba la makumbusho la Whitney, New York, mwaka 2002, na mwaka 2006 ikatolewa kwenye stempu za posta. Mfano ni mzuri, ila usomwe wote. Wengi wao walishona kwa nguo za kazi zilizochakaa, ili nyumba zisiwe na baridi, na sifa ilifika baada ya miaka mingi. Mwaka 1966 wanawake wa eneo lile walianzisha ushirika, Freedom Quilting Bee, ukapata kazi za maduka makubwa. Maduka yalitaka kila kipande kilingane na mwenzake; Sears walitaka foronya za kodrai. Kipato kilipatikana, na siwezi kukidharau. Lakini kazi iliyotundikwa New York ni ile waliyoshona nyumbani kwa matakwa yao wenyewe.

Kwa hiyo kamati ilikataa. Mwanachama yeyote ana ruhusa ya kuuza kazi yake, na tunamwombea wateja. Meza ya chama haitakuwa duka. Tukianza kushona vya kufanana, nani tena atageuza kazi yake tuone nyuma?

Kuhusu kuigana: ukipenda mpangilio wa mwenzako, muulize, na ukiuleta mezani utaje ulikoutoa. Yaliyotokea mwezi wa Agosti yamesuluhishwa na wahusika wameshapeana mikono.

Hesabu kamili atazisoma mweka hazina. Kwa ufupi, ada imetosha ukumbi, chai na pasi mpya, lakini haikutosha fremu ya pili ya kutandikia mfarishi unaposhonwa. Mafundi wanaotuwekea mabaki ya vitambaa tunawashukuru sana, na tunawaomba wasitutilie tetroni humo, inayeyuka kwenye pasi.

Katika mkutano mkuu mtapigia kura mambo mawili: ada iongezwe ili tununue fremu, na kama wanaotumia cherehani wapewe meza yao. La pili naliunga mkono. Nafasi ya katibu iko wazi, na anayeitaka awe na mwandiko unaosomeka. Kila mmoja aje na sindano zake kwenye chupa yenye kifuniko, maana za chama zimeshika kutu. Na aliyeondoka na mkasi mkubwa wenye mpini wa rangi ya chungwa auache tu chini ya meza ya chai. Hatutauliza.

Mwenyekiti